Juu ya nini Wakorea wanaulizana umri?

Swali: Yaya, jambo. Niko Birere hapa Goma, naangaliaka sana filamu za Kikorea kwa telefone. Juu ya nini msichana anaita sheri wake "oppa", na watu wakijuana tu wanaulizana umri?

Jibu: Jambo mdogo wangu. Oppa ni yaya mwanaume, ni kusema kaka mkubwa, lakini ni msichana tu njo anasema hivyo, hata kama hawakuzaliwa tumbo moja, kijana yeye anasema hyeong. Yaya mwanamke, msichana anamwita eonni, kijana anamwita nuna. Sisi huku yaya ni yaya tu, ila mkubwa naye hatumuitake jina kavu.

Umri wanauliza juu kitenzi chenyewe kinabadilikaka kufuata mkubwa ao mdogo wenye unaongea naye: kwa rafiki "umekula?" ni meogeosseo, ukitia -yo kwa mwisho inakuwa ya heshima, lakini kwa bibi unaacha hilo neno kabisa unachukua deusyeosseoyo.

Chenye kinanigusa zaidi ni uri, maana yake "yetu". Mkorea hata kama alizaliwa peke yake anasema uri eomma, mama yetu, na nyumbani ni uri jip, sawa vile sisi tunasemaka "kwetu".