Nimeachwa baada ya kutangazwa kanisani: je, kuumia huku ni upungufu wa imani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi hotelini Nungwi, Zanzibar, nasali mjini kanisa la Minara Miwili. Mchumba wangu alileta posa, mahari ikapokelewa, tukatangazwa Jumapili ya kwanza. Kabla ya tangazo la pili akasema hataki tena, sababu hakutoa. Miezi minne sasa. Nimesali novena mbili, nimefunga, na maumivu yako palepale. Dada mmoja wa kwaya ananiambia ningekuwa na imani ningekuwa nimeshapona. Shangazi anataka twende kwa mtu wa kumrudisha. Kanisani nimeacha kwenda, maana na yeye anaimba kwaya ile ile, na sijui kama naruhusiwa Komunyo na hasira hii niliyo nayo. Nifanye nini?

JIBU: Milele amina, binti yangu. Pole sana.

Aliyekwambia kwamba imani ingekuwa imekuponya amekutwika mzigo ambao Maandiko hayakutwiki. Yesu alikwenda kaburini kwa Lazaro akijua kabisa kwamba atamfufua, na bado alilia (Yohana 11:35). Zaburi 34:18 inasema, "Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo." Haisemi yuko karibu nao wakishapona. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio, inaishia gizani, wala hakuna aliyeitoa katika Biblia kwa kukosa imani.

Kuhusu Komunyo: hasira inayokujia ukimkumbuka si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala si mbaya. Uzito unakuja pale utashi unaporidhia. Ukikaa ukapanga kumharibia kazi au jina, hapo umeridhia, nenda kaungame kwanza. Kama ni kuumia na kulia tu, pokea. Umejinyima chakula wakati wa njaa.

Sasa namna ya kusali. Novena zako sizidharau, lakini yaelekea ulikuwa unaomba jambo moja kwa siku zote tisa: maumivu yaondoke. Kwa majuma sita yajayo shika Zaburi ya 13. Ina aya sita tu, utaimaliza kabla hujaingia zamu. Isome kwa sauti, hata kwa kunong'ona kama mnalala wengi chumbani. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko. "Hata lini" imo mara nne. Simama hapo umwambie Mungu malalamiko yako kwa maneno yako: hata lini nitaona haya kupita mbele za watu? Hata lini nitaamka usiku kutazama simu? Aya ya 3 na 4 ni ombi. Omba kitu kimoja cha siku hiyo, kidogo: usingizi, au nguvu ya kumaliza zamu bila kulia mbele ya wageni. Aya ya 5 na 6 ni tumaini, nazo zisome hata kama moyo haujazifikia, kwa kuwa ni sala ya Kanisa zima na wengine wanaisali pamoja nawe.

Wengi huharibu mahali pawili. Wapo wanaorukia aya ya 5 kwa sababu wameambiwa Mkristo hanung'uniki; hao huimba mchana, na usiku wanatoa machozi ambayo hawajampelekea Mungu. Na wapo wanaobaki aya ya 2, wakirudia kisa chao kwa kila rafiki bila kufika kwenye ombi, na kila wakikisimulia jeraha linafunguka upya. Kisimulie kwa watu wawili unaowaamini, basi.

Acha kufunga kwa sasa. Soma 1 Wafalme 19. Eliya amekaa chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena, ndipo akapata nguvu za kwenda siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikomuuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Angalia mpangilio: chakula, usingizi, chakula, safari, halafu maswali. Mtu ambaye tayari halali wala hali, akifunga anauongezea mwili udhaifu, kisha anadhani udhaifu huo ni Mungu kumwacha. Kula milo yako.

Na kama kwa majuma mawili mfululizo hulali, huli, kazi huiwezi, au likikujia wazo la kujidhuru, usingoje. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, na mwende hospitali ya Mnazi Mmoja au ile ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu. Najua watu mjini wanavyoitaja Kidongo Chekundu. Waache waseme. Daktari naye ni mkono wa Mungu, na kwenda kwake hakukupunguzii imani hata chembe.

Msamaha ndio sehemu ndefu. Katekisimu namba 2843 inakiri kwamba si uwezo wetu kutolisikia kosa wala kulisahau; kilicho mikononi mwetu ni kuutoa moyo kwa Roho Mtakatifu, naye huligeuza jeraha kuwa sala ya kumwombea aliyetukosea. Kwa hiyo usijipime kwa kuuliza kama bado unaumia. Chukua karatasi, andika alichokufanyia kimoja kimoja: aliacha jina langu litangazwe akiwa na shaka, hakunipa sababu, aliwaaibisha wazazi wangu. Kaa mbele ya msalaba, soma kila mstari, useme, "Bwana, hili ni deni lake kwangu, nalikabidhi kwako." Anayesema "namsamehe yote" kwa mkupuo mara nyingi hajasamehe lolote, kwa sababu hajalitaja. Deni likirudi kesho, likabidhi tena. Ile saba mara sabini ya Mathayo 18:22 inahusu hata kosa moja linalorudi moyoni kila siku. Usimwandikie ujumbe kumwambia umemsamehe. Ukiandika utakaa ukingoja jibu, na jibu ndilo litakalokuumiza. Namba yake na picha zake ziondoe kwenye simu.

Kusamehe si kurudiana. Wala hukuvunja ndoa, maana ndoa haikuwapo. Matangazo hufanywa kabla ya kiapo ili kizuizi kikiwapo kijulikane mapema. Kanuni ya 1062 ya Sheria za Kanisa inaeleza kwamba ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe, ila hasara iliyotokana na ahadi hiyo inaweza kudaiwa fidia. Mambo ya mahari na gharama waachie wazee na mshenga. Wewe usikae kwenye kikao hicho.

La shangazi: hapana, kwa heshima zote. Katekisimu 2117 inakataza kutafuta nguvu za siri juu ya mwenzio. Na hata tukiweka katazo pembeni, mume aliyevutwa kwa dawa ungemtazama vipi ukijua hakuja kwa hiari yake? Mwambie, "Shangazi, nisindikize Misani badala ya huko." Anakupenda, mpe njia ya kukusaidia.

Majirani Waislamu wakija kukupa pole na kukuombea subira, pokea. Wanajua kukaa na mwenye huzuni.

Kurudi kanisani anza na Misa ya katikati ya juma, siku unayopumzika kazini, ambapo kwaya haiimbi. Mara tatu nne hivi, kisha Jumapili, ukae na mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) au mtu wa jumuiya yako ndogo ndogo umwambie mapema kwamba utahitaji bega. Kwaya ipumzishe kwanza, umwarifu mwalimu wa kwaya ili usisemwe umetoroka. Siku iliyokuwa imepangwa kuwa ya harusi itakuuma kuliko nyingine. Omba ruhusa kazini, toa nia ya Misa, usilale peke yako usiku huo. Na mkikutana naye mlangoni akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," itikia, "Milele amina," uendelee na njia yako. Kwa sasa hudaiwi zaidi ya hapo.