Barua kwa mwanangu: tazama kazi ya mkono, usitazame mchezo wake

Mwanangu Hamadi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu sana, na goti lake limepata nafuu.

Juzi kwenye simu uliniuliza jambo, kisha ukalipitisha harakaharaka kana kwamba hukuuliza. Ulisema kigimbi cha mguu wa kushoto kinakuchezacheza tangu mwezi uliopita, hasa ukilala, na sasa kope ya jicho nayo imeingia. Ukauliza kama ugonjwa wa Mjomba Sefu ulianza hivyo. Kabla sijajibu ukahamia kwenye kodi ya nyumba. Mimi nimebaki nalo. Nakuandikia kwa sababu kwa simu utanikatiza, na hili sitaki likatizwe.

Haukuanza hivyo. Ulianza na mkasi.

Kibaraza chake cha Ngamiani unakikumbuka, na ile cherehani ya kukanyaga uliyokuwa ukiingia chini yake kuokota vifungo. Sefu alikuwa akikata kitambaa cha kanzu bila kuchora chaki. Mwaka ule, mwezi wa Shaaban, kazi za Idd zimeanza kumiminika, nikaona anamwachia kijana wake akate. Alisema mkasi umekuwa butu. Akaunoa. Akanunua mwingine, na huo mpya nao akasema butu. Halafu ikawa vifungo vya shati lake mwenyewe, halafu ufunguo wa mlango, anaushika kwa mikono miwili kuuzungusha. Maumivu hakuna hata kidogo. Mtu asiyeumwa hapelekwi hospitali, ndivyo ilivyo kwetu.

Nilimshika mkono wa kulia nikaugeuza. Ile nyama iliyojaa kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea, pamebaki ngozi. Nikampa karatasi aibane kwa vidole viwili, nikaivuta, ikatoka bila ubishi. Akacheka, "Dada, umeanza kunitahini?" Kucheza kwa nyama nilikuja kukuona baadaye, siku alipovua shati kwa joto. Bega lilikuwa likitembea chini ya ngozi kama maji yanayokaribia kuchemka, halipumziki. Nikamuuliza kama anahisi. Akaniuliza, "Nahisi nini?"

Hapo ndipo nataka usikilize. Mwenye ugonjwa hakuwa na habari ya kucheza. Alichokuwa nacho ni mkono ulioacha kazi. Wewe habari za kigimbi chako zote unazo, saa zake na upande wake, na bado unapanda ngazi za ofisi na kubeba gesi hadi ghorofa ya tatu, ulivyoniambia mwenyewe. Neno langu unalijua tangu mkiwa wadogo mnaanguka kwenye miembe: tazama kazi ya mkono, usitazame mchezo wake. Na mguu ni vivyo hivyo.

Nilikusudia habari ya Sefu iishie hapo, lakini siwezi kuipita ile siku ya mteja. Ulikuwa bweni, hukuiona. Kumi la mwisho la Ramadhani, kibaraza kimejaa watu wanaosubiri nguo. Wakati ule ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, maneno yanaburuzika. Akaja bwana mmoja kuchukua kanzu, kola imekwenda upande. Sefu akajaribu kumweleza. Yule bwana akamtazama, akasema mbele ya watu wote, "Fundi, hata mwezi huu hujaiacha?"

Mtu aliyefunga. Mtu ambaye tangu azaliwe hajaonja pombe. Sefu hakujibu, kwa sababu kila ambacho angejibu kingetoka kwa ulimi ule ule. Akafungua mtoto wa meza, akamrudishia pesa yake yote, akaikunja ile kanzu vizuri, akampa na kanzu. Baada ya Idd hakufungua tena kibaraza. Yule bwana yuko hai. Tunapishana sokoni, hunisalimia, nami naitika kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu.

Mengine unayajua. Waliosema pepo walisema, waliosema husuda walisema, na kuna hospitali iliyomwambia ni kiharusi, ingawa kiharusi huja ghafla na hiki kilikuja kwa miezi. Dar es Salaam ndiko daktari wa neva alikomchoma zile sindano nyembamba za kupima umeme wa misuli, akamkalisha na kumweleza waziwazi. Seli za neva zinazoipa misuli amri zinakufa, na msuli usiopata amri hukonda. Wanauita ALS. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza tangu 1869, na hadi leo haujapata dawa ya kuuponya. Ipo riluzole, inatumika tangu 1995, nayo huongeza miezi.

Mara nyingine najiambia, afadhali angefika Dar mapema. Kisha najijibu, mapema kwa ajili ya nini, kwa dawa ya miezi? Halafu narudi palepale: ndiyo, mapema, kwa sababu ugonjwa ungekuwa umeshapata jina kabla ya Ramadhani ile, na majirani wakalijua, yule bwana asingethubutu. Sijamaliza kubishana na nafsi yangu juu ya hili, na sidhani nitamaliza.

Sasa turudi kwako. Neva iliyochoka au iliyochochewa hutoa amri ambayo wewe hukuitoa, na kifungu kidogo cha nyama huruka. Leo kigimbi, kesho paja, keshokutwa kope. Huonekana zaidi ukiwa umetulia, na ukiutumia msuli hunyamaza. Kukosa usingizi huleta hayo, na kahawa, na wasiwasi, na mazoezi makali, na kuharisha au kutokwa jasho jingi bila kurudisha maji na chumvi. Wewe unafanya zamu za usiku bandarini, unakunywa yale makopo ya kuongeza nguvu, na mchana unalala kwa muda wa saa nne tu kwenye chumba chenye bati. Mimi ningeshangaa kama kope isingecheza. Na kama kuna mirungi inayopita kwenye zamu hizo, iache, mwanangu, nakuomba.

Bibi yako angekwambia jingine. Kope ya juu ikimcheza, alisema mgeni yuko njiani, akaongeza kibaba cha mchele. Ikicheza ya chini, alijiandaa kwa kilio. Ile siku uliyotokea mlangoni kutoka bweni bila taarifa, wali wako ulikuwa umeshaiva, wa nazi, na samaki ametengwa pembeni. Alijigamba mtaa mzima, "Jicho langu halilali." Mimi sikulisadiki jicho lake, na hata sasa silisadiki, lakini uso wake wa siku ile nautamani.

Ninachosadiki ni hiki. Madaktari wa Mayo Clinic, kule Marekani, walichapisha mwaka 1993 habari za watu 121 ambao misuli iliwacheza bila udhaifu wowote. Waliwafuatilia, wengine miaka miwili, wengine hadi 32, na hakuna hata mmoja aliyeishia kwenye ALS. Najua utaniambia habari za Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza, kwamba alikuwa na miaka 21 tu alipoambiwa ana ALS mwaka 1963. Ni kweli. Lakini Hawking hakupelekwa kwa daktari na kope. Alikuwa akijikwaa na kuanguka, na maneno yameanza kumgongana mdomoni. Tena wengi wanaoupata wameshavuka miaka 50, na wewe hujafika hata 35. Na hilo la damu uliloogopa kulitamka nalijibu pia: kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi hawana mwenzao katika ukoo. Kwetu namjua Sefu peke yake, na wazee waliobaki nimewauliza wote.

Nikuambie lini uogope? Nasita, kwa maana nakujua. Nikikutajia dalili utajipima asubuhi na jioni, na anayeukazia msuli macho kutwa nzima atauona ukicheza tu. Lakini nikinyamaza utazisoma kwingine, usiku, peke yako. Basi nakutajia. Mguu ukianza kuburura kidole chini, kandambili ikawa inakutoka. Mkono ukishindwa kifungo au kifuniko cha chupa ulichokuwa ukikifungua bila kufikiri. Nyama ya upande mmoja ikipungua kuliko ya mwenzake. Maneno yakiburuzika, au maji yakikupalia mara kwa mara. Kucheza kukikaa mahali pamoja, hakuhami, na pale pale nguvu zinapungua. Kwa jicho, kucheza kukishuka hadi shavuni na mdomoni, au kope ikawa inajifunga yenyewe au kuning'inia, au wiki zikapita nyingi bila kuachia. Hapo huendi wiki ijayo, unaenda.

Jipime mara moja, siku moja. Tembea kwa visigino kutoka mlangoni hadi dirishani, rudi kwa ncha za vidole, inuka kwenye kiti umefumbata mikono kifuani. Ukiweza, umeweza, usirudie kesho. Sijui kama nafanya vizuri kukwambia hata hilo. Nadhani nafanya vizuri. Kazi ya mguu, mwanangu, si mchezo wake.

Jambo jingine si lako ila ulijue, maana shemeji yako analima nyanya Lushoto na hunyunyizia dawa ya wadudu kifua wazi. Mtu aliyetoka kunyunyizia, nyama zikamcheza mwili mzima huku mate, machozi na jasho vinamtoka na mboni zimesinyaa, huyo amepata sumu. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, anayemwosha avae glavu, akimbizwe hospitali na kopo la ile dawa lionyeshwe. Dawa ya sumu hiyo, atropini, ikiwahi, huokoa. Mpigie umwambie, mimi akinisikia anadhani namsimanga.

Unataka niseme huna. Naliona lile swali ulilolikatiza, ndilo hilo. Nalo jibu liko kwenye ulimi wangu, na kukuandikia barua ndefu hivi bila kuliandika ni kazi nzito kuliko unavyodhani. Lakini mguu wako sijaushika. Nimewafundisha wasichana wengi wodini kwamba muuguzi hasemi juu ya kiungo ambacho hajakigusa, na siwezi kulivunja hilo kwa sababu mgonjwa ni mwanangu; kwa sababu ni mwanangu ndiyo kabisa. Nakwambia ninayoyaona kutoka huku: mtu mwenye nguvu zake, asiyelala, anayekunywa asichopaswa, na aliyempenda mjomba wake. Mengine akwambie daktari.

Kwa hiyo nenda, hata kama kope itakuwa imetulia. Mwambie waziwazi habari ya mjomba wako, usiione aibu, ili akupime nguvu kwa mikono yake na kukugonga magoti kwa kile kinyundo. Mwombe akupime damu pia: potasiamu, kalisiamu, magnesiamu, na tezi ya shingo. Yale makopo yaache sasa hivi, usingoje majibu. Kahawa punguza kidogo kidogo, ukiikata siku moja kichwa kitakuuma, na hicho nacho utakifanya ugonjwa. Dawa zako za pumu chukua, mwonyeshe. Ile ya kuvuta huwatetemesha wengine mikono.

Majibu nitumie picha, yote, hata lile utakaloona halina maana. Pesa ya vipimo ikipungua sema, usikope kazini.

Na mpigie Rukia. Yeye ndiye aliyemlisha baba yake kwa kijiko hadi mwaka wa tatu, na tangu msiba watu humzungumzisha kila jambo isipokuwa hilo. Usimpigie kumuuliza dalili. Mwambie umemkumbuka Mjomba, na umesikia habari ya ile kanzu.

Mama yako