Kutofautisha glaikojeni na ute kwenye utumbo wa sungura

Ndugu, unasema slaidi zako za PAS (rangi inayotia waridi vitu vyenye sukari) zimetoka waridi kila mahali, hujui ipi ni glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani ya seli, na upi ni ute. PAS peke yake haitakuonyesha, maana inashika vyote viwili. Chukua vikato viwili vinavyofuatana, yaani vipande vyembamba vya tishu. Kimoja kitie kwenye amilesi, kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, kabla ya kupaka rangi, kingine kiache. Waridi iliyotoweka kwenye kile cha amilesi ilikuwa glaikojeni. Hata mate yanafaa, maabara ikikosa kimeng'enya.

Kisha ongeza Alcian blue, rangi ya buluu. Kwa pH 2.5 inashika ute wenye asidi kwa jumla, kwa pH 1.0 ule wenye salfa tu. Ukiiunganisha na PAS, seli zenye mchanganyiko wa ute wenye asidi na usio na asidi huwa zambarau.

Kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, usiruke tezi za Brunner, zilizo chini ya utando wake wa ndani. Za sungura zina sehemu za ute na za serosi (zinazotoa majimaji mepesi) pamoja, kwa hiyo zisipokolea sawasawa usikimbilie kutupa slaidi. Hilo ndilo la kuandika kwenye ripoti!

Na tafadhali, tia vipande kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, mara tu mnyama anapokufa. Utando wa ndani wa utumbo huharibika upesi mno.