Kwa Mama Chapati ni wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Mabatini, hapa Mwanza, nimepewa kazi ya kusimamia grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Mvua ikikaza na Mto Mirongo ukianza kupanda, grupu linachafuka: picha, sauti, "jamani tusaidieni". Mwenyekiti hajui aanzie wapi. Sasa kuna mtu anatuuzia programu ya simu, anasema itamaliza tatizo. Tuchange?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela hiyo nunueni kamba na tochi.

Nami nimewahi kusimamia grupu kama hilo, Igogo. Usiku mmoja, kama saa nane, ikaingia meseji: "Maji yako ndani, tupo kwa Mama Chapati, njooni." Vijana watatu wakatoka mbio. Kumbe pale mtaani tulikuwa na akina Mama Chapati wanne! Wa tatu ndiye waliyemkuta amesimama juu ya meza, kakumbatia ndoo ya unga, akawapokea kwa matusi. Meseji ilikuwa ya kweli, ila haikusema ni wapi. Usiku uleule picha ya gari lililozama ilizungushwa mpaka watu wakalia, na wala haikuwa ya Mwanza.

Tangu hapo nikaweka masharti. Ukiandika, taja kitu kinachoonekana jirani: msikiti, transfoma, daraja. Taja saa. Sema maji yamemfika mtu mzima wapi, kifundoni, gotini au kiunoni, na kama kuna asiyeweza kutembea. Sema umeona mwenyewe au umetumiwa. Mwenye bando atume lokesheni. Wa kitochi, SMS inatosha. Mtu mmoja akae na daftari, asijibu salamu za mtu. Nyumba mbili zikisema jambo moja, naamini. Ikisema moja, naipigia simu.

Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, wengi wao hawajawahi kukanyaga kule, walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti. Waathirika walituma meseji kwenye namba 4636, na Wahaiti walio ughaibuni wakazitafsiri kutoka Kikrioli na kusaidia kutambua mahali palipotajwa. Taarifa ziliwekwa kwenye ramani kwa programu ya Ushahidi, iliyozaliwa kwa jirani zetu Kenya mwaka 2008. Setilaiti inaona bati, mwanangu. Mama Chapati haimjui.

Kwa hiyo fanyeni kazi kiangazi. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatembeza wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani, wakaweka mitaro na njia kwenye ramani hiyohiyo ya OpenStreetMap, ambayo ni bure. Nanyi fuateni Mirongo kwa miguu: madaraja, mitaro iliyoziba, vichochoro vinavyopitika maji yakijaa, na majina ambayo watu wenyewe wanayaita. Lakini nyumba ya bibi anayeishi peke yake msiiweke kwenye ramani ya wazi, wezi nao wana simu. Hiyo ibaki kwenye daftari la mjumbe.

Na maji yakija, pigeni kwanza 114 ya Zimamoto na Uokoaji, grupu baadaye.

Mkishamaliza kuchora, niandikie. Nataka kujua Mabatini ina akina Mama Chapati wangapi.