Presha ya macho inarithiwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Moshi, baba yangu alikuwa anamimina chai inamwagikia nje ya kikombe sisi tukajua uzee tu, kumbe jicho la kushoto limeshakufa, ni glakoma, hiyo tunayoiita presha ya macho. Je na sisi watoto tuko kwenye foleni? Na huko Marekani nasikia wanachunguza jeni za watu weusi, wanatafuta nini?

JIBU: Marahaba. Foleni ipo ila si lazima ufike dirishani. Mzazi au ndugu akiwa nayo hatari yako inapanda, na sisi weusi inatuwahi mapema na kwa ukali zaidi, halafu cha ajabu tafiti nyingi za jeni zilikuwa za wazungu na Waasia! Ndio maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakachunguza watu zaidi ya 11,000 wenye asili ya Afrika, matokeo yakatoka 2024, wakapata sehemu 46 za jeni zinazohusika, yaani si jeni moja ya kuilaumu. Nyie nendeni kitengo cha macho pale hospitali ya KCMC, msiishie kupimwa presha ya jicho tu maana inaweza kuwa ya kawaida na ugonjwa upo, mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho nao uangaliwe. Mzee asiache matone ya macho, bado ana jicho la kulia.