Mbao za jahazi langu zinapasuka

SWALI: Shikamoo, mzee. Ninaunda jahazi dogo la mapambo kwa skeli ya 1:50. Mkuku (mti mkuu wa chini) na mataruma (mbavu za chombo) yamekaa sawa, lakini mbao za ubavuni, za milimita 2, zinapasuka nikizipinda kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hebu piga hesabu: milimita 2 kwa skeli yako ni sentimita 10 kwenye jahazi la kweli. Hiyo ni boriti! Punguza kwa msasa hadi milimita 1, loweka kwenye maji ya moto nusu saa, kisha pinda taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto. Mimi nilivunja mbao 11 kabla mkono haujazoea. Mke wangu akawashia jiko. Ubane ubao kwa vibanio vya nguo ukauke usiku kucha, ndipo utie gundi.

Kitambaa cha tanga kichovye kwenye chai ya rangi, kipoteze weupe wa dukani. Na tafadhali usishone mbao kwa kamba, nimeshaona watu wakifanya hivyo. Huo ni mtepe, chombo cha aina nyingine, na tanga la mtepe ni la mkeka, la pembe nne. Jahazi hupigwa misumari.