Lile Ua Nusu

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Sote hatujambo. Umeniuliza fremu ya yale madirisha ya bibi yako, uliyoyatoa mtaani kwetu Langoni ukayapeleka Malindi, uichongeshe kwa saiprasi au kwa mbambakofi. Mbao nitazifikia. Kwanza niambie, umeyapima?

Fremu hufuata dirisha, mwanangu. Dirisha halifuati fremu.

Unalikumbuka lile ua nusu kwenye tarabe, bawa la kushoto la dirisha? Ulikuwa ukilipitisha kidole na kuuliza nusu ya pili imekwenda wapi, nami sikukujibu kwa kuwa baba yako alikuwa akisikia. Tulipojenga upya ukuta ule, fundi alipima upana wa juu peke yake, akaenda kuunga fremu kwake. Siku ya kutia, tarabe haikuingia. Badala ya kurudi na fremu yake, akashika randa. Nilikuwa nimesimama na sinia ya kahawa, nikaliona ua lililochongwa kabla bibi yako hajazaliwa likianguka maranda sakafuni. Baba yako alinyamaza. Nami nikanyamaza, na ndilo linaloniuma zaidi.

Pengine namwonea yule fundi. Ilikuwa Mei, kusi imeshika, mvua haikatiki. Mbao zilikuwa zimevimba, na huenda wakati wa kaskazi zingeingia bila kuguswa. Lakini hapana. Anayejua mbao anaijua masika. Angengoja.

Kwa hiyo pima upana juu, katikati na chini. Pima urefu pande zote mbili. Kisha uvute kamba kona kwa kona, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, dirisha limepinda, na madirisha ya umri ule hayakosi kupinda. Usilinyooshe! Fremu ndiyo ipinde nalo. Acha kama milimita 3 kila upande, mbao zipate pa kuvimbia. Viungo viwe vya ulimi na tundu, vikazwe kwa vigingi vya mti, maana misumari huliwa na chumvi ya bahari. Kizingiti cha chini kiinamie nje, maji yasilale.

Haya, mbao. Saiprasi ni laini, fundi huimaliza upesi, na bei yake inabebeka. Mbambakofi ni nzito, inachosha patasi, lakini mchwa haiwezi na haibadiliki sana na majira. Milango ya mitaa yetu unaijua, umekua ukiiegemea. Ningesema... Basi, sisemi. Ada za watoto unalipa wewe, na nyumba ni yako. Fremu ya saiprasi iliyofuata dirisha nitaipenda kuliko ya mbambakofi iliyolipunguza.

Ukishapima, nipigie unitajie vile vipimo viwili vya kona kwa kona, kabla fundi hajakata hata ubao mmoja.

Mama yako